NILIMTUHUMU FUNDI WA WATU



Ndugu zangu, leo sina darsa. Leo nina habari ya gari. Na wewe usiye na gari usiondoke, kaa nami, kwa sababu ndani ya habari hii yumo mtu niliyemdhulumu. Jina lake silitaji. Nilishalitaja vya kutosha mahali pasipostahili.

Gari lenyewe wale wa Tanga mnalijua, Corolla 110 nyeupe, ya mwaka 1998, injini ya 5A. Limezeeka kama mwenyewe, lakini halijawahi kunilaza njiani. Kila mwezi nalipeleka mpaka milimani, juu ya Soni, kumchukua mama yangu aje kliniki Tanga. Ana sukari na presha, na basi dogo za kule mlimani hazimfai tena, magoti yamekataa. Kwa hiyo ukisikia nalalamikia gari, usidhani nalalamikia starehe. Gari hili ndiyo miguu ya mama yangu.

Sasa sikiliza lilivyoanza.

Tulikuwa tunarudi kutoka milimani, tumeshapita Korogwe, tunaelekea Segera. Mama kakaa mbele na tasbihi yake, watoto wawili nyuma. Mbele yetu lori la saruji linakwenda mwendo wa konokono. Nikachungulia, barabara nyeupe, nikatoka kulipita. Gari likaitika vizuri. Tulipofika usawa wa tairi zake za kati, likalegea. Halikuzimika, nisikilize vizuri, lililegea. Nakanyaga mafuta mpaka chini, na gari linafanya kama mtu aliyezibwa pua. Mbele basi limechomoza kwenye kona linawasha taa. Nikakanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori, basi likatupita kwa kishindo na honi ndefu. Mama hakusema neno. Ila tasbihi ilikuwa imesimama mkononi mwake.

Nikaegesha pembeni, nikazima. Tukanywa maji. Nikawasha tena, gari zima kabisa, nguvu zote zimerudi, tukafika Tanga kama hakuna lililotokea.

Naam, huo ndio ugonjwa mbaya kuliko yote katika gari, ugonjwa unaokuja na kuondoka. Gari lililokufa kabisa ni rahisi, maiti haifichi kitu. Hili la kuja na kuondoka ukilipeleka kwa fundi linapona mlangoni kwake. Fundi analizungusha mtaa mzima, anarudi anakwambia, Ustadhi, mbona zima?

Fundi wangu wakati ule alikuwa kijana mmoja hapa hapa mtaani, mwenye gereji ndogo chini ya mwembe. Akafanya wanayofanya wengi. Akabadilisha plagi. Likarudi. Akabadilisha waya za plagi na filta ya hewa. Likarudi. Filta ya mafuta, likarudi. Watu barabarani wakanishauri, hayo mafuta yamechakachuliwa, nikahama kituo. Likarudi. Mwisho kijana akasema ni pampu ya mafuta, ile iliyozama ndani ya tangi. Akainua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, akatoa pampu, akafunga nyingine. Hapo nilikuwa nimeshatumia zaidi ya laki nne, na mimi si mtu wa laki nne.

Safari iliyofuata, kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Soni, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, likalegea tena. Safari hii lilikataa kabisa kupanda. Nyuma yangu Coaster imejaa abiria, konda wake ndiye aliyeruka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Allah amlipe, simjui.

Pale mlimani, ndugu yangu, ndipo shetani alipopata kiti cha kukaa. Nikajisemea, huyu kijana kachukua pampu yangu ya asili kutoka Japani, kaiuza, kanifungia ya bandia. Sikuwa na ushahidi hata wa kujaza kijiko. Lakini hasira haiulizi ushahidi. Na ningeishia kujisemea moyoni ingekuwa nafuu. Baada ya Isha, barazani, wakiwapo watu watatu, nikalisema kwa ulimi, na kwa jina lake. Tena mwezi ule ule nilikuwa nasomesha tafsiri ya Suratul Hujurat, na ile aya ya kukatazwa dhana nilikuwa nimeshaipita kwa ufafanuzi mrefu, na watu wakaitikia takbira. Mmoja wa wale watatu alikuwa na Noah pale gerejini, mwingine pikipiki. Wiki haikuisha, wote wawili wakahamisha.

Nirudi kwenye gari kwanza. Hilo tutalirudia.

Korogwe kuna mzee mmoja, alikuwa fundi wa mabasi ya mikoani miaka mingi, sasa macho yamepungua, anakaa tu na wajukuu. Nilipelekwa kwake na shemeji yangu. Nikadhani atafungua bonneti. Hakufungua. Akaniwekea kiti, akaanza kuniuliza kama daktari anavyouliza.

“Likilegea, injini inapiga kelele nyingi na gari haliendi, au injini yenyewe inashuka?”

Nikasema injini yenyewe inashuka. Akasema vizuri, basi si gia zinazoteleza.

“Ule mshale wa mizunguko ya injini, unadondoka mara moja kama uliokatwa, au unashuka kwa kukohoa?”

Nikasema kwa kukohoa. Akatikisa kichwa. Moto wa umeme ukikatika, alinifahamisha, hukatika kama taa, mara moja, na mara nyingi hurudi kwa kishindo. Mafuta yakipungua, gari hufa kama mtu mwenye kiu. Akasema hiyo ni dalili tu, si hukumu.

“Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi?” Haiwaki. “Tumepima?” Nikamwambia kuna kijana alipima, akasema hamna kitu. Mzee akacheka. Toyota nyingi za miaka ile, chini ya bonneti kuna kisanduku kidogo cheusi, ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, ile taa ya injini hukonyeza na kuhesabu namba ya kosa. Ikikonyeza mfululizo bila kutulia, maana yake kompyuta haina shtaka. Ila injini hii, akasema, haina sensa ya kuiona presha ya mafuta. Sasa kompyuta itashtakije kitu isichokiona? Wangapi wetu tunaambiwa mashine imepima haijaona kitu, tunadhani kitu hakipo?

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. “Likilegea, ukikaa pembeni injini ikiunguruma bila kuizima, linapona? Au linapona ukizima tu?”

Nikanyamaza. Miezi minne nateseka na sijawahi kuliangalia hilo.

Akamwita mjukuu wake, alete daftari la shule. Akanipa. Akasema nenda kaandike. Kila likilegea uandike: umetembea umbali gani, mlima au tambarare, mafuta yapo kiasi gani kwenye tangi, joto au baridi, na umefanya nini likapona. Usibadilishe kitu chochote, usinunue kitu chochote. Urudi baada ya wiki mbili. Na usibebe mtu.

Ndugu yangu, wiki mbili zile nililitafuta tatizo badala ya kulikimbia, na ilikuwa mara ya kwanza. Nilikwenda Muheza na kurudi, nilikwenda Segera, nilipanda mlima peke yangu asubuhi baada ya Alfajiri barabara ikiwa tupu. Likalegea mara sita. Ninalo daftari hapa mezani. Mjini halijalegea hata mara moja. Mara zote sita ni baada ya kulikanyaga kwa muda mrefu, mlimani au kwenye mwendo mkubwa. Tangi likiwa nusu limelegea, likiwa robo limelegea. Mara mbili nilisimama pembeni bila kuzima injini, nikangoja dakika kumi kwa saa. Silensa ikatulia vizuri, lakini nilipoondoka likalegea tena pale pale. Mara nne nilizima, nikahesabu dakika moja tu, nikawasha. Mara zote nne likapona.

Mzee aliposomewa daftari akaweka kikombe chake chini. Akasema, hilo si joto.

Nikamuuliza kwa nini, maana wote walikuwa wananiambia distributa na koili yake zinachemka. Akasema kitu cha umeme kikichemka, dakika moja haikipozi. Tena ukizima injini, joto chini ya bonneti kwanza linapanda, kwa sababu feni imesimama na maji hayazunguki. Kitu kinachopona kwa dakika moja ya kuzima, na hakiponi kwa dakika kumi za kuunguruma, tafuta ni nini kinachosimama ukizima na hakisimami ukiunguruma. Akaninyamazia, anataka niseme mwenyewe.

Pampu ya mafuta.

Inavuta muda wote injini inapowaka, iwe unaunguruma au unapanda mlima. Katika gari hizi huvuta kwa nguvu ile ile, na mafuta yanayozidi hurudishwa kwenye tangi kwa bomba lingine. Ukiwa umesimama injini inahitaji kidogo, kwa hiyo hata pampu ikiwa imebanwa koo hujui. Ukipanda mlima ndiyo unaona upungufu. Ukizima, uvutaji unakoma, na kilichokuwa kimenaswa kinaachia.

Lakini pampu ni mpya, nikasema. Na hapo nikaanza tena lile neno langu la bandia. Mzee akainua mkono. “Ustadhi, tupime kwanza, ndipo tuseme.”

Akamwita kijana wake mwenye geji ya presha ya mafuta, yenye mpira mrefu. Ikafungwa pale palipo na filta ya mafuta chini ya bonneti, mpira ukapitishwa nje, geji ikabanwa kwa wipa kioo cha mbele tuione tukiwa ndani. Waya wa kupimia umeme wakautoa kwenye pampu, ukaletwa mpaka kiti cha nyuma. Mzee akatuonya juu ya petroli na injini ya moto, akatukataza sigara ingawa hakuna aliyevuta, na mpira ukakaguliwa mara tatu kabla ya kuondoka. Usijaribu haya peke yako na mpira wa kuungaunga.

Injini hii, ikikanyagwa, mshale hutakiwa usimame baina ya psi 38 na 44. Tukatoka Mombo, umesimama arobaini. Tukaanza kupanda, arobaini. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, arobaini. Nikaanza kuona aibu, gari limepona tena mbele ya fundi. Kisha mshale ukashuka, taratibu, thelathini, ishirini na tano, na gari likaanza kukohoa. Kumi na nane. Wakati huo huo yule kijana nyuma anasoma umeme wa pampu, volti kumi na tatu na nusu, haujatikisika. Mzee akafungua kifuniko cha tangi, asikilize kama tangi linavuta pumzi, maana tundu la hewa la kifuniko likiziba nalo hufanya hivi hivi. Kimya, na presha haikubadilika. Na pampu ilikuwa inalia, sauti nyembamba kama mbu, sauti ambayo mimi nilikuwa naizoea nikidhani ni uzee.

Umeme kamili, pampu inazunguka, filta ni mpya, presha hakuna. Basi pampu haipati cha kuvuta.

Wakarudi Korogwe, gari likaachwa lipoe, betri ikafunguliwa, kiti cha nyuma kikainuliwa. Pampu ikatoka. Mzee akaisogeza karibu na jicho, akasoma maandishi, akaigeuza huku na huku. Akasema, “Pampu hii nzuri. Aliyekufungia hakukuibia.”

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshika glasi ya maji. Niliiweka chini.

Chujio la chini ya pampu, lile kama soksi, lilikuwa safi. Hapo ndipo fundi wangu alipokwama pia, kwa sababu naye alitoa pampu akakuta chujio safi. Ukizima, kilichonasa kinaachia na kuanguka. Huwezi kukikuta mahali pa kosa. Mzee akasema toeni mafuta yote. Yakanyonywa kwenye madumu mpaka tangi likakauka, wakamulika kwa tochi, kijana akaingiza waya uliokunjwa ncha. Akatoa kipande cha nailoni. Laini, nyeupe imegeuka ya manjano, ukubwa wa kiganja changu.

Nikauliza nailoni imefikaje ndani ya tangi, na kabla sijamaliza kuuliza nikajua.

Miezi mitano nyuma, kijijini kwa mama, mafuta yaliniishia. Nikanunua petroli kwa kijana wa bodaboda, kidumu cha lita tano. Mnajua vile vidumu, kifuniko kimelegea, kwa hiyo huwekwa nailoni chini ya kifuniko ili kisivuje. Yule kijana aliniambia nimsubiri anitilie. Mimi nilikuwa na haraka, nakimbilia Magharibi, nikamnyang'anya kidumu nikamimina mwenyewe kwa chupa ya maji iliyokatwa. Nakumbuka kuiona nailoni imeteleza. Nikadhani imeanguka chini. Nailoni kwenye maji huelea, lakini kwenye petroli huzama, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Ikakaa chini ya tangi langu miezi mitano, nikipanda mlima inafuata pampu, nikizima inalala.

Mkono uliomimina ni huu ninaoandika nao.

Gari halijalegea tena tangu siku ile. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Kazi nyingine ikabaki, na hiyo haina geji.

Nilikwenda kwa yule kijana asubuhi, na niliwachukua wale watu wangu wa barazani, nikampata mmoja tu, mwenye pikipiki. Yule wa tatu yuko safarini. Nikasema mbele yake nilichokisema nyuma yake, neno kwa neno, kisha nikasema ni uongo na nimekuja kuomba radhi. Kijana akaendelea kufuta spana. Akasema, “Ustadhi, mimi nilisikia usiku ule ule. Nilikuwa nasubiri uje uniulize.”

Halafu akaingia ndani ya kibanda chake, akatoka na mfuko. Ndani yake mna pampu yangu ya zamani, ile ya Japani, na namba ya gari langu imeandikwa juu ya mfuko kwa kalamu. Alikuwa ameniwekea. Akasema na yeye ana kosa lake, hakupima presha, alibahatisha kwa fedha zangu, na pampu ile ya zamani huenda haikuwa na ugonjwa wowote. Akataka kunirudishia ufundi wa siku ile. Nikakataa, akasisitiza, tukakubaliana anunue geji ya presha kwa fedha hizo.

Nimemaliza habari ya gari. Kama lako linalegea na kurudi, anza na daftari kabla ya pochi, na ukinunua mafuta ya kidumu mwache mwenyewe mwenye kidumu akutilie, tena kwa kitambaa cha kuchujia.

Mwenye pikipiki amesharudi gerejini. Mwenye Noah bado. Nimekwenda kwake mara mbili sijamkuta, mkewe anasema yuko Handeni kwa shughuli za shamba na atarudi Alhamisi. Ijumaa baada ya swala nitakwenda tena.

Wassalaam alaykum warahmatullah.